Phineas Gage: maisha baada ya jeraha la ubongo, na jinsi tiba ya mazungumzo inavyosaidia sonona

Mama au mlezi anayemuuguza mtu aliyeumia kichwa huelezwa mengi kuhusu kidonda, dawa na picha za ubongo. Kinachokuja baadaye huelezwa kwa uchache. Jeraha limefunga, mgonjwa anatembea na kula, lakini hacheki tena. Hataki kuonana na watu, hulala mchana kutwa, au hufoka kwa jambo dogo kisha akalia peke yake. Mara nyingi hiyo ni sonona, ambayo wengine huiita unyogovu, na ni ugonjwa unaotibiwa.

Ili kueleza namna tiba yake inavyofanya kazi, tumechagua maisha ya mtu aliyeumia ubongo zamani sana, kabla tiba ya mazungumzo haijakuwepo popote. Anaitwa Phineas Gage. Karibu kila anayesomea ubongo hufundishwa habari zake, ila kwa kawaida hufundishwa nusu tu.

Mtarimbo

Gage alizaliwa mwaka 1823 katika jimbo la New Hampshire, Marekani, mtoto wa kwanza kati ya watano wa Jesse na Hannah Gage. Alipofika umri wa miaka 25 alikuwa nyapara wa kikosi kilichopasua miamba kwa baruti ili kupitisha njia ya reli, karibu na mji mdogo wa Cavendish katika jimbo la Vermont. Waajiri wake walimwona kuwa nyapara hodari kuliko wote waliokuwa nao. Alikuwa mwenye nguvu, makini, na mtu wa kumaliza alichokianza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: shimo linatobolewa kwenye mwamba, baruti na utambi vinawekwa, mchanga unamwagwa juu, kisha vyote vinashindiliwa kwa mtarimbo. Tarehe 13 Septemba 1848, saa kumi na nusu jioni, mtarimbo wa Gage uligonga mwamba, cheche ikaruka na baruti ikalipuka. Mtarimbo huo ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 hivi. Ulimwingia chini ya mfupa wa shavu la kushoto, ukapita nyuma ya jicho, ukatokea utosini na kuanguka umbali wa mita 25 hivi.

Baada ya dakika chache alikuwa anazungumza. Alipelekwa mjini kwa gari la kukokotwa na ng'ombe, ameketi wima, na daktari wa kwanza alimkuta nje ya nyumba ya wageni alikopanga akisimulia mwenyewe yaliyompata. Jioni ile alikabidhiwa kwa daktari kijana wa mji huo, John Martyn Harlow.

Mama yake aliitwa kutoka Lebanon, New Hampshire, umbali wa kilomita 50 hivi. Asubuhi iliyofuata Gage alimtambua. Siku ya pili akaanza kuweweseka, na baada ya wiki moja na nusu hivi jeraha likawa limeoza kwa ndani. Watu walisubiri kifo chake saa yoyote, hata jeneza na nguo za kumzikia zikawa tayari. Harlow alipasua jipu lililokuwa limejaa usaha chini ya paji la uso, na kuanzia hapo mgonjwa akaanza kurudi. Mwanzoni mwa Oktoba aliinuka kitandani na kupiga hatua ya kwanza. Tarehe 25 Novemba alipelekwa nyumbani kwa wazazi wake, jicho la kushoto likiwa halioni tena.

Nyumbani, na kile ambacho mgeni hakioni

Februari 1849 alikuwa akifanya kazi ndogondogo za farasi na kulisha ng'ombe. Msimu wa kulima ulipofika aliweza kufanya kazi nusu siku. Hakurukishwa kutoka kitandani hadi shambani: alianza na lishe ya mifugo, ndipo baadaye plau. Tutarudi kwenye jambo hili, kwa sababu ndilo kiini cha tiba tunayotaka kuieleza.

Kuna jambo lingine ambalo Hannah alimweleza daktari. Kumbukumbu ya mwanawe ilikuwa imepungua kidogo, lakini si kwa kiasi ambacho mtu asiyemjua angetambua. Mlezi yeyote atakubali kwamba hivyo ndivyo ilivyo. Jirani anakuja, anasalimiwa vizuri, anaondoka akimsifu Mungu kwamba kijana amepona. Wewe unayebaki naye ndiye unayejua kwamba ameuliza swali lile lile mara tano tangu asubuhi.

Gage alipotaka kurudishwa kwenye unyapara, waajiri walikataa. Harlow aliandika kwamba tabia yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa hana subira, mkaidi, mwenye matusi ambayo zamani hakuwa nayo, mtu wa kupanga mipango mingi na kuiacha kabla haijaanza. Rafiki zake walisema huyu hakuwa Gage waliyemfahamu. Kauli hiyo ndiyo iliyoenea, na ndiyo nusu ya habari ambayo wanafunzi hufundishwa hadi leo.

Hebu fikiria hali hiyo akiwa na miaka 26: jicho limekwenda, kazi aliyoijua kuliko zote imekwenda, na watu wake wanamwambia amekuwa mtu mwingine. Hakuna daktari aliyempima sonona, na sisi hatutambandika ugonjwa ambao haukupimwa. Lakini hasara alizozipata ni zilezile zinazowaletea sonona wengi wanaoumia ubongo leo, wawe wameanguka mnazini, wamegongwa na bodaboda au wamepigwa kichwani.

Sonona hii inatoka wapi

Inatoka pande mbili, na ndiyo maana inachanganya. Upande wa kwanza ni ubongo wenyewe. Sehemu za mbele za ubongo zina kazi kubwa katika hisia, ari na kujizuia, nazo ndizo huumia kwa urahisi kichwa kinapogongwa. Upande wa pili ni maisha: kazi iliyopotea, shule iliyokatika, marafiki waliopungua, mwili usiotii. Sonona baada ya jeraha la ubongo ni ya kawaida mno. Utafiti mmoja uliofanyika Seattle, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu zaidi ya 500 waliolazwa kwa majeraha ya kichwa. Zaidi ya nusu yao walipata sonona ndani ya mwaka wa kwanza.

Kuna hali nyingine inayofanana nayo, nayo ni ubongo kukosa ari ya kuanza jambo. Mtu huyo hana huzuni. Ukimwashia redio anaifurahia, ila mwenyewe hatanyanyuka kuiwasha. Mwenye sonona huumia moyoni, hujiona hana thamani, hukosa usingizi au hulala kupita kiasi, na hata vitu alivyovipenda havimpi raha. Wakati mwingine hali zote mbili humpata mtu mmoja. Usikubali kirahisi mtu yeyote akimwita mvivu kabla hajapimwa. Kwa mtoto, sonona huweza kuonekana kama hasira, kugoma kwenda shule, au kuumwa tumbo kila asubuhi.

Tiba ya mazungumzo inafanya nini

Haizibi tundu kwenye ubongo, tuseme hilo wazi. Inachofanya ni kutumia sehemu zilizo nzima kujenga mazoea mapya, na ubongo hujenga mazoea kwa kurudia.

Mtaalamu huanza na vitendo kabla ya mawazo. Sonona humfanya mtu aache shughuli. Akiziacha, hapati jambo lolote la kumfurahisha wala la kumwonyesha kwamba bado anaweza. Asipolipata, huzuni inazidi, naye anaacha hata zile chache zilizobaki. Kusubiri ari irudi ndipo aanze ni kusubiri kitu kisichokuja. Kwa hiyo mtaalamu, mgonjwa na mlezi huchagua pamoja jambo dogo sana lenye maana kwake. Kuku wapewe pumba saa moja asubuhi. Akae nje na babu yake kwa dakika 10. Linaandikwa, linafanywa, na hali ya moyo baada ya kulifanya inaandikwa pia. Wiki inayofuata linaongezwa kidogo. Ndiyo njia ileile ya kutoka kulisha ng'ombe Februari hadi kulima nusu siku, ila hapa imepangwa makusudi na kuna mtu anayeisimamia.

Baadaye huja mawazo. Mtu aliyekuwa tegemeo la nyumba hujiambia kwamba sasa ni mzigo na kwamba hakuna kitakachobadilika. Mtaalamu hamkatalii wala hamsifii ovyo. Anamfundisha kulinasa wazo hilo linapopita, kuliangalia kama madai, na kuyapima madai hayo kwa yale aliyoyaandika kwenye daftari lake. Ukweli wenyewe mara nyingi una huzuni ndani yake, kwa maana mengine kweli yamepotea, na kuyaomboleza ni sehemu ya tiba. Mgonjwa anamwomboleza mtu aliyekuwa kabla ya ajali. Wewe pia unamwomboleza mtu huyo, na kwa maoni yetu hakuna aibu kumlilia mtoto aliye hai na ameketi mbele yako.

Kwa aliyeumia ubongo, kikao hubadilishwa kiendane naye. Huwa kifupi, na kikizidi nusu saa hupewa mapumziko. Huzungumzwa jambo moja tu. Maneno huwa mepesi, na yaliyoamuliwa huandikwa au kuchorwa, kisha hurudiwa mwanzoni mwa kikao kijacho. Simu huwekwa kengele ya kumkumbusha. Mlezi huingia kikaoni, walau mwishoni, ili ajue wiki hii kazi ni ipi. Ukiona mtaalamu anaongea saa nzima na mgonjwa anatoka bila kukumbuka lolote, mwombe abadilishe mtindo. Una haki ya kuomba hivyo.

Je, inasaidia kila mtu? Hapana. Tafiti zilizofanywa kwa watu walioumia ubongo hasa bado ni chache, matokeo yake yanatofautiana, na hakuna aina moja ya tiba iliyothibitika kuzipita nyingine zote. Wapo wanaopata nafuu kubwa, wapo wanaopata kidogo, na wapo wanaohitaji dawa pamoja na mazungumzo. Nafuu huja polepole, kwa miezi, na huwa inapanda na kushuka. Anayekuahidi uponyaji kwa vikao viwili anakudanganya.

Farasi sita

Turudi kwa Gage. Mwishoni mwa 1849 profesa wa upasuaji wa Harvard, Henry Jacob Bigelow, alimpeleka Boston kwa wiki kadhaa, akamwonyesha mbele ya madaktari wenzake na kutangaza kwamba amepona mwili na akili. Ni mtu yuleyule ambaye Harlow alimwona amebadilika! Bigelow alikuwa mgeni. Kwa kipindi Gage pia alijionyesha mwenyewe kwa watu waliolipa kumtazama, akiwa na mtarimbo wake mkononi. Kisha akaajiriwa mwaka mmoja na nusu hivi kwenye banda la farasi wa kukodi huko Hanover, New Hampshire.

Agosti 1852 alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwa mtu wa aina yake. Alisafiri hadi Chile, Amerika ya Kusini, kwenda kufanya kazi ya magari ya abiria ya kuvutwa na farasi. Huko alitunza farasi na kuendesha magari hayo, mara nyingi yakiwa yamejaa mizigo na kuvutwa na farasi sita, kwenye njia ya Valparaíso na Santiago. Alikaa Chile karibu miaka saba.

Kazi hiyo si ya mtu aliyeharibikiwa. Dereva hushika hatamu za farasi sita na kumhisi kila mmoja kwa vidole. Huamka mapema, hufuata ratiba, hupokea abiria kwa adabu katika nchi ambayo lugha yake si ya kwao. Mwanasaikolojia wa Australia, Malcolm Macmillan, aliyefuatilia maisha ya Gage kwa miaka mingi, alifikia maoni kwamba siku hizo zenye mpangilio ndizo zilizomrudisha: kila asubuhi mambo yaleyale, kwa utaratibu uleule, na kila hatua ikimwongoza kwenye inayofuata. Katika maandishi ya 1860, daktari wa Kimarekani aliyekuwa akiishi Chile alieleza kwamba Gage alikuwa na afya njema na akili zake hazikuwa na hitilafu. Taarifa hiyo ilikaa bila kujulikana kwa muda mrefu, wakati ile ya matusi na ukaidi ikinakiliwa kitabu hadi kitabu.

Hapa ndipo mlezi anapopata kitu cha kushika leo hii, hata kabla miadi na mtaalamu haijafika. Siku yenye umbo humsaidia aliyeumia ubongo. Kuamka saa ileile, kuoga, chai, kazi moja, mapumziko, mgeni mmoja badala ya wanne kwa pamoja, kulala saa ileile. Kazi iwe ya kweli, yenye faida kwa nyumba. Mtu mzima hutambua haraka anapopewa kazi ya kumchezea. Na iwe kazi inayotokana na kile alichokipenda. Gage alipenda farasi, mbwa na watoto, mama yake alisema, na alikuwa akiwasimulia wapwa zake visa vya ajabu vya safari zake, vingine vya kubuni tupu, kwa ajili ya kuwafurahisha tu.

Kifafa

Mwaka 1859 afya yake ilianza kudhoofika. Akapanda meli kwenda San Francisco, California, ambako mama na dada yake walikuwa wamehamia. Alipopata nguvu alitaka kazi tena, akaajiriwa kwa mkulima huko Santa Clara. Februari 1860 akaanza kuanguka kifafa. Degedege ziliongezeka, zikawa zinafuatana, na tarehe 21 Mei 1860 alifariki akiwa na umri wa miaka 36, nyumbani kwa watu wake.

Kutoka ajali hadi degedege ya kwanza ilikuwa imepita miaka zaidi ya 11. Jeraha la ubongo linaweza kuleta kifafa miaka mingi baadaye. Wakati wa Gage hakukuwa na dawa ya maana, leo zipo. Kifafa chenyewe pia huongeza sonona, na baadhi ya dawa za sonona zinaweza kuongeza uwezekano wa degedege. Kwa hiyo daktari anayeandika dawa ya sonona lazima ajue kwamba mgonjwa aliumia kichwa, hata kama ni zamani na kovu halionekani. Mwambie bila kusubiri akuulize.

Harlow alikuwa amepotezana na familia hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1866 alipata habari zao, akaandika barua, akajua kwamba mgonjwa wake alikwisha kufa. Aliomba jambo zito: kaburi lifunguliwe, apewe fuvu kwa ajili ya elimu ya udaktari. Hannah alikubali. Mtarimbo nao, ambao mwanawe alitembea nao karibu maisha yake yote baada ya ajali, ukatumwa pamoja na fuvu. Harlow aliandika ripoti yake mwaka 1868, na humo ndimo zilimo habari nyingi tunazozijua, zikiwa zimetoka kinywani mwa mama huyo. Vitu hivyo viwili vimehifadhiwa hadi leo kwenye makumbusho ya chuo cha udaktari cha Harvard.

Mwaka 2009 ilitambuliwa picha ya zamani ya kijana nadhifu aliyeketi wima na koti lake, jicho la kushoto limefumba, uso umetulia, mtarimbo mkononi. Kabla ya hapo watu walimfikiria Gage kama mtu aliyevunjika kabisa. Picha hiyo iliwashangaza wengi.

Lini uende hospitali

Mpeleke kliniki ya afya ya akili kama huzuni, hasira au kujitenga kumezidi wiki mbili. Siku hiyo beba daftari lenye mambo uliyoyaona nyumbani: usingizi, chakula, alichoacha kufanya, saa za siku anazokuwa vibaya zaidi, na dawa zote anazotumia. Kama hakuna mwanasaikolojia karibu, muuguzi wa afya ya akili au mshauri nasaha wa hospitali anaweza kuanza naye.

Usisubiri miadi kama anazungumzia kufa, anaaga watu au anatafuta sumu au kamba. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Ondoa dawa na sumu za shambani mahali anapofika, usimwache peke yake, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Wahi pia kama ana degedege, kichwa kinamuuma na kuzidi, anatapika bila sababu, au amekuwa mzito kuamka.

Na wewe mwenyewe ukiona huli, hulali, au umeanza kumchukia unayemuuguza, mwambie mtaalamu katika kikao hichohicho. Sonona huwapata walezi pia, na tiba ni ileile.